Joto la Bahari na Mvua ya Kawangware

Kutoka Kabiro, Kawangware, hadi makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga pale Dagoretti Corner ni mwendo mfupi, lakini utabiri unaotoka pale huanzia mbali, katika maji ya Bahari ya Hindi. Maji ya magharibi, upande wetu, yakipata joto kuliko kawaida huku ya upande wa Indonesia yakipoa, hewa yenye unyevu huelekea kwetu na mvua ya vuli huzidi. Wataalamu huiita hali hiyo dipoli chanya. Ilitokea 2019, na mwaka 1997 na 2023 ikaja pamoja na El Nino.

Modeli ya tabianchi ni programu ya kompyuta inayokokotoa mwendo wa hewa na maji kwa kanuni za fizikia. Vipimo vya joto la bahari huipa pa kuanzia, kisha ndivyo vinavyotumika kuihukumu. Vikiwa na kasoro, tutaisifu modeli mbovu na kuilaumu iliyo sahihi.

Na kasoro zimekuwepo. Zamani mabaharia waliteka maji kwa ndoo ya turubai, kisha wakatia kipimajoto. Ndoo ikipigwa na upepo sitahani, maji hupoa kabla ya kupimwa. Meli nyingine zilipima maji yaliyovutwa kupoza injini, nayo huwa yameshapata joto kidogo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, vipimo vingi vilitoka kwa meli za Marekani, zilizopima kwenye injini. Vita vilipoisha 1945, vipimo vya ndoo kutoka meli za Uingereza vikaongezeka. Katika kumbukumbu, bahari ikaonekana imepoa ghafla, kumbe kilichobadilika ni namna ya kupima! Wanasayansi walieleza jambo hilo mwaka 2008.

Leo maboya ya Argo, yapatayo 4,000, huzama hadi mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku 10 hivi, yakituma vipimo kwa setilaiti. Hata hivyo, uharamia wa Kisomali ulichelewesha kutiwa nanga kwa maboya mengine magharibi mwa Bahari ya Hindi, eneo ambalo sisi tunalihitaji kuliko yote.

Wasiwasi wangu uko kwenye masika. Modeli nyingi zinasema yataongezeka, ilhali vipimo vya mvua vilionyesha yakipungua kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1980. Isitoshe, modeli nyingi huiona bahari ya magharibi kuwa na joto kuliko ilivyo, zikazidisha vuli na kupunja masika. Singekubali bwawa lijengwe kwa kutegemea makadirio ya masika ya modeli moja.

Utabiri wa vuli unastahili kuaminiwa zaidi, kwa sababu vuli hufuata dipoli kwa karibu, na dalili zake huonekana baharini wiki nyingi kabla ya mvua. Kwa hiyo utabiri huo unapotolewa, msiulizie El Nino peke yake. Ulizeni pia hali ya Bahari ya Hindi. Mkiambiwa dipoli ni chanya, zibueni mitaro ya Kawangware na Kibera kabla ya Oktoba, na wanaoishi kingoni mwa mito wasaidiwe kuhama mapema.