Posho ya Safari: Ilipwe Kabla au Ibaki Mkononi?

Likizo ya shule inapokaribia, baadhi ya wazazi wa hapa Tabora huniuliza habari za hoteli za Bagamoyo na Ngorongoro. Kinachowatatiza ni hiki: walipie kulala na chai ya asubuhi tu, au milo yote mitatu?

Mimi huwakumbusha wapagazi wa Kinyamwezi. Katika karne ya 19, misafara ya Bagamoyo na Tabora iligawa posho ya vitambaa vya merikani na shanga, na wapagazi wakanunua chakula kwa wenyeji wa njiani. Lakini kabla ya kuingia Mgunda Mkali, pori lililotenganisha Ugogo na Unyamwezi, walijitwisha nafaka kabisa, maana mbele wauzaji walikuwa adimu.

Kanuni hiyo haijachakaa. Bagamoyo wapo mama ntilie, na samaki hukaangwa sokoni. Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, usiku nje kuna nyati. Huko lipia milo yote.

Penye wauzaji, piga hesabu kwanza. Tuseme milo mitatu ni shilingi 60,000 kwa kichwa: watu watano ni 300,000 kwa siku. Uliza: watoto hulipa nusu? Mkishinda matembezini, mtafungiwa chakula? Mlo usioliwa hurudishiwa fedha? Majibu yakiwa hapana, baki na posho yako mkononi. Likizo itakwisha, na mahitaji ya muhula mpya yatakuwa yanawangoja nyumbani.