Meza ya mazingaombwe na bawaba zake

Juma lililopita nilipata barua kutoka kwa kijana mmoja wa hapa Dar es Salaam ambaye riziki yake ni mazingaombwe. Huzunguka katika shule za msingi, watoto hutoa kiingilio kidogo, naye huwaonyesha leso zinazogeuka rangi na njiwa anayetoka katika sanduku tupu. Vifaa vyake huvitengeneza mwenyewe kwa plaiwudi, na kwa kuwa husafiri kwa daladala, meza yake ni ya kufunguka vipande vipande. Siku moja, mbele ya shule nzima, aliishika meza hiyo kwa ubao wa mbele ili aisogeze kivulini. Ubao ukaja mikononi mwake. Mbao mbili za ubavuni zikabaki chini, zikayumba, zikaanguka. Glasi ya maji ikavunjika, na ule mfuko wa siri nyuma ya meza ukaonekana na kila mtoto. Mwalimu mkuu akamlipa nusu. Sasa anauliza: je, muuza duka alimpa bawaba mbovu?

La hasha. Bawaba zilikuwa nzima, ila zilikuwa za kazi nyingine. Na kwa kuwa mimi nilishika randa na patasi kabla ya kushika kipaza sauti, naomba tulizungumze jambo hili, maana linawahusu pia wenye vikundi vya maigizo na yeyote anayejitengenezea meza ya kukunja.

Bawaba ya kawaida ina mabapa mawili ya chuma. Kila bapa lina vijibomba ukingoni, vijibomba hivyo huingiliana kama vidole vya mikono miwili, na katikati yake hupita pini. Pini hiyo imegongwa ncha zote mbili, haitoki. Sasa, ukitaka bawaba ya kuachana, njia kubwa ni mbili.

Ya kwanza ni ile ya kuinua. Bapa moja lina pini iliyosimama kama kidole, la pili lina kijibomba kinachokaa juu yake. Kila mwenye nyumba anaijua, kwani ndiyo iliyo katika mageti mengi ya chuma. Geti hukaa pale kwa uzito wake tu. Ndiyo maana fundi mzuri huchomelea kipande cha chuma juu ya bawaba, mwizi asije akalinyanyua geti zima na kwenda nalo.

Bawaba za yule kijana zilikuwa za namna hiyo. Meza yake ni mbao tatu zilizosimama kama kiwambo, na ubao wa juu umelazwa tu. Vijibomba vilikuwa kwenye ubao wa mbele, pini kwenye mbao za ubavuni. Alipouinua ubao wa mbele, alifanya lile hasa ambalo bawaba ile imetengenezwa ilikubali. Hakuna muujiza hapo, wala mkosi.

Njia ya pili ni bawaba ya pini ya kuchomoa. Vijibomba huingiliana kama kawaida, lakini pini ina kichwa upande wa juu tu, nayo hutoka kwa kuvutwa. Ukiinua ubao mmoja, wa pili nao huja, kwa sababu vijibomba vimeshikana. Kwa meza inayosogezwa, na kwa sanduku linalofunguliwa pande zake mbele ya watu ili waone kuwa ni tupu, chagua hii. Ile ya kuinua iweke katika mlango wa kabati kubwa, ambao hakuna anayeunyanyua wakati wa onyesho. Hapo inafaa sana, mradi juu ya mlango uache nafasi inayozidi urefu wa pini, la sivyo hutauondoa kamwe. Kumbuka pia kwamba zipo za kulia na za kushoto. Na ukiweka mbili katika mlango mmoja, ikate pini moja iwe fupi kidogo. Utaanza kuilenga ile ndefu, halafu ya pili itaingia bila taabu. Kuzilenga zote kwa pamoja, jasho likikutoka na watu wakisubiri, ni adhabu.

Ukizunguka maduka ya vifaa Kariakoo na Gerezani usione ya pini ya kuchomoa, nunua bawaba za kawaida za inchi tatu. Piga tupa ncha ya pini mpaka ule uvimbe uishe, kisha isukume itoke kwa msumari na nyundo. Badala yake tafuta msumari unaoingia kwa kusukumwa na kidole, lakini usiocheza ndani. Ukicheza, meza nzima itacheza. Kata ncha kali, ilainishe kwa tupa, halafu kunja kichwa kiwe pete na ufunge uzi mweusi unaoshikilia pini kwenye ubao wake. Msidharau uzi huu. Pini moja ikibaki katika daladala, onyesho limekwisha kabla ya kuanza.

Pini iingie kutoka juu kwenda chini. Katika kifuniko cha sanduku, ambapo bawaba imelala, mtikisiko utaitembeza pini polepole mpaka itoke. Hivyo toboa tundu dogo kwenye ncha yake upitishe kipande cha waya. Na bawaba haizuii mguu wa meza kujikunja. Kazi yake ni kuuruhusu ujikunje. Kuuzuia ni kazi ya komeo au kipande cha ubao cha kuegemeza.

Kosa lingine ni skrubu katika ukingo wa plaiwudi. Plaiwudi ni karatasi za mti zilizobandikwa, na skrubu ikiingia ukingoni huzitenganisha. Gundisha kipande cha mti kwa ndani, au tumia bolti ndogo na nati zipenye ubao wenyewe. Toboa matundu hayo pini ikiwa ndani ya bawaba, na bawaba zote za upande mmoja ziwe katika mstari mmoja ulionyooka. Zikipinda, pini itakwama. Andika namba kwa ndani, moja kwa moja, mbili kwa mbili. Bawaba ikilia, ipake nta ya mshumaa. Mafuta yatachafua vitambaa.

Mambo haya si ya leo. Mwaka 1865, katika taasisi ya Royal Polytechnic mjini London, John Henry Pepper na Thomas Tobin walionyesha Kabati la Proteus, ambamo watu walitoweka na kurudi. Siri yake ilikuwa vioo viwili vilivyoshikwa na bawaba. Kioo kimoja kingesimama kando kidogo tu ya mahali pake, watazamaji wangeuona ufa.

Kwa hiyo, kijana wangu, bawaba ulizo nazo usizitupe. Zihamishie kwenye kabati. Mezani weka za pini, nne za mbele kwanza, kisha ushike ubao wa mbele uinyanyue meza yote huko huko nyumbani kwako, mara kumi, glasi ya maji ikiwa juu.