Kabla ya kuezeka mashua yako, pima uzito wa paa

Turubai la mashua lina adha zake, na kila nahodha wa Lamu anayebeba wageni kwenda Manda au Kipungani anazijua. Jua la kaskazi hulichoma mpaka nyuzi zikaanza kukatika. Mvua ya masika hulijaza maji katikati, likaning'inia kama tumbo, kisha likawamwagikia abiria. Kusi ikishika, hupigapiga mchana kutwa na kuchanika kwenye matundu ya kamba. Si ajabu basi kwamba wengi hufikiria kuliondoa na kuweka paa gumu, la mbao au la faiba.

Fikira hiyo si mbaya. Paa gumu hutoa kivuli cha kweli, halivuji likitengenezwa vyema, na juu yake waweza kufunga sola ya taa na simu. Lakini paa hubadilisha jinsi chombo kinavyosimama majini, na hapo ndipo roho za watu zilipo.

Tuanze na uzito. Chukua mashua ambayo mahali pa kukaa abiria ni mita 3 kwa 2. Turubai la hapo ni kilo chache tu. Mtu mmoja hulikunja akalibeba kwapani. Ukiezeka eneo hilo kwa plaiwudi ya milimita 12, plaiwudi peke yake hufika kilo 40 hivi. Ongeza nguzo, boriti, bolti na rangi, wafika kilo 80 kwa urahisi. Ni sawa na kumpandisha mtu mzima juu na kumwambia asishuke safari nzima, hata chombo kilale vipi.

Kilo hizo zingekuwa chini penye farumi, zingesaidia. Zikiwa juu, zinafanya kinyume. Mashua ikilala kwa upepo, uzito wa chini huivuta isimame, na uzito wa juu huisukuma izidi kulala. Kwa hesabu ya mizani, kilo 80 zilizo mita 2 juu ya usawa wa maji husawazishwa na kilo 320 zilizo nusu mita chini yake. Hizo ni mifuko mingi ya mchanga, na ni uzito wa abiria wanne. Ukiiongeza mifuko hiyo, abiria wanne itabidi wabaki gatini, la sivyo chombo kitakaa chini mno majini.

La pili ni upepo. Dhoruba ikitokea, turubai hufunguliwa na kukunjwa. Paa halikunjiki. Upepo ukiingia chini yake hulinyanyua kama tanga, kwa hiyo nguzo zifungwe kwa bolti zisizoshika kutu mpaka kwenye mataruma, si kupigiliwa misumari kwenye ubao wa juu. Pembeni pasizibwe kwa mbao wala kioo. Upepo upate njia, na watu nao wapate njia. Kumbuka kwamba chombo kikipinduka, jaketi ya kuokolea humwinua aliyeivaa. Aliyenaswa chini ya paa lililozibwa, jaketi hiyo hiyo itambana asiweze kupiga mbizi atoke.

La tatu ni tanga letu. Wakati wa kupindua, foromali hupitishwa mbele ya mlingoti na demani huzungushwa kuelekea upande wa pili. Paa basi likae nyuma ya mlingoti, chini ya ukingo wa tanga, na baharia wabakiwe na njia ya kwenda omo bila kukanyaga abiria. Mwenye usukani naye aone tanga na aone mbele. Ndiyo sababu paa la mashua huwa ni la kukaa chini yake, si la kusimama. Kila sentimita unayolishusha inapunguza pia ule uzito wa juu.

Paa likishakamilika, usianze kwa kubeba watu. Teremsha chombo penye maji ya kina kidogo, siku ya shwari. Panga mifuko ya mchanga upande mmoja, yenye uzito wa abiria watakaoweza kukusanyika hapo, kama wanavyofanya wakiona pomboo. Tazama kinavyolala, kisha kisukume kwa mikono utazame kinavyoinuka. Chombo kinachoinuka upesi kina nguvu. Kinachoinuka kwa uvivu kinakuonya: paa ni zito, au liko juu mno. Mjulishe pia mkaguzi wa Kenya Maritime Authority kabla ya kuchukua abiria, kwani chombo alichokikagua mwanzo si hiki tena. Na siku zote, juu ya paa pasipande mtu wala mzigo.

Ukiona hesabu haikubali, ipo njia ya kati: fremu nyepesi iliyofungwa imara, na turubai jipya lililokazwa kwa mwinamo ili maji yateleze. Jirani yako huenda ameweka paa la mbao na anasafiri salama, lakini mashua yake ni pana kuliko yako au ina farumi zaidi. Wazee walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Na paa lake usilifuate kabla hujapima lako.