Vifo Ambavyo Hospitali Haivijui

Daftari la hospitali humwandika aliyefika tu. Mama aliyejifungulia nyumbani akavuja damu hadi alfajiri, mtoto aliyezidiwa na homa usiku mtumbwi wa kuvuka mto ukakosekana, mzee aliyeanguka ghafla akazikwa siku ileile: wote hao hawamo. Anayepanga huduma za afya kwa kutazama daftari hilo peke yake huwasahau waliokuwa na shida kubwa kuliko wote.

Dawa ya tatizo hili ni kuwafuata watu walipo. Watafiti huchagua eneo, wakaorodhesha kila kaya na kila mtu, kisha hurudi nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi kadhaa kuuliza: nani kazaliwa, nani kahamia, nani kahama, nani kafariki. Palipotokea kifo, mdadisi huja baadaye, matanga yakishaondolewa, akakaa na yule aliyemuuguza marehemu. Humwuliza yale aliyoyaona kwa macho yake: homa ilianza lini? Alikohoa? Miguu ilivimba? Upande mmoja ulipooza? Majibu hayo husomwa na madaktari, nao hukadiria chanzo cha kifo. Wanaweza kukosea kuhusu marehemu mmoja, lakini vifo vikiwa mamia, sura ya maradhi ya eneo zima huanza kuonekana.

Kazi hii husimama au huanguka kwa lugha. Sehemu nyingi za Tanzania mzazi atasema mtoto alishikwa na degedege, na wapo wanaoamini kuwa huletwa na shetani, wakaanzia kwa mganga. Kwa daktari, malaria kali ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya degedege. Dodoso likiuliza tu, “Mtoto alikuwa na malaria?” mzazi atajibu hapana kwa moyo mweupe, na kifo kile kitatoweka kwenye hesabu ya malaria.

Hesabu za namna hii zimekwisha kuumbua dhana kadhaa. Kiharusi, kwa mfano, kilidhaniwa kuwa ugonjwa wa Ulaya na wa wenye nacho. Katika miaka ya 1990 mradi mmoja chini ya Wizara ya Afya ya Tanzania ulifuatilia vifo vya watu wazima katika sehemu za Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Miongoni mwa wanaume wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua kwa mwaka watu 65 katika kila 100,000 Dar es Salaam, 44 Hai na 35 Morogoro. Uingereza na Wales mwaka 1993 hawakufika 11. Mkulima wa Morogoro, maskini kuliko wote katika hesabu hiyo, alikabiliwa na hatari mara tatu ya Mwingereza. Mshukiwa mkubwa alikuwa presha ambayo haikuwahi kupimwa wala kutibiwa.

Dhana nyingine ni kwamba mtoto wa mjini ana heri kuliko wa shamba, maana hospitali ziko jirani. Mwaka 2000 kituo cha utafiti cha APHRC kilipima hali ya mitaa ya mabanda ya Nairobi. Katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 151 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Vijijini Kenya walikuwa 113, na Nairobi kwa ujumla 62. Wastani wa jiji ulikuwa umewafunika watoto wa mabandani. Baada ya hapo kituo hicho kilianza kufuatilia kaya za Korogocho na Viwandani mfululizo, kwa kuwa huko watu huhama kila mara na hesabu ya siku moja huchakaa upesi.

Je, kuhesabu kunaokoa mtu? Peke yake, hapana. Ila tazama Morogoro Vijijini na Rufiji. Mwishoni mwa miaka ya 1990, timu za afya za wilaya hizo zilipewa takwimu za vifo vya watu wao wenyewe pamoja na fedha kidogo za nyongeza. Morogoro waligundua kwamba malaria ilibeba takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, huku ikitengewa kama asilimia 5 tu ya bajeti. Wakapanga upya: vyandarua vyenye dawa vikapewa uzito, wahudumu wa zahanati wakafunzwa kumchunguza mtoto mgonjwa kwa ukamilifu badala ya kutibu dalili moja. Katika miaka michache vifo vya watoto katika wilaya hizo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Ndiyo maana mwananchi anayelalamika kwamba watafiti huja kuuliza, huondoka na hawaonekani tena, ana haki ya kulalamika. Takwimu iliyolala kabatini haina tofauti na kifo ambacho hakikuandikwa. Mdadisi akibisha hodi kwako, mkaribishe, na useme ukweli hata ukiwa mchungu. Unaweza pia kukataa, hiyo ni hiari yako. Lakini kabla hajafunga daftari lake, nawe muulize swali moja: majibu yetu yatarudi lini, na yatapelekwa kwa nani?