Umetemwa? Toa Soda, Weka Gin

Manze, cheki. Umetemwa. Umewekewa bluetick, na msee mwenye amechukua nafasi yako ana Subaru yenye exhaust inaamsha mtaa mzima. Mbogi imekuvuta Westi upoe, menyu imeletwa, na wewe unanyooshea kidole strawberry daiquiri yenye imevalishwa mwavuli ya karatasi? Buda. Usituchomee picha.

Machungu inataka uchungu mwenzake. Ukiizima na sukari, saa tisa usiku unalia kwa nganya na hangover ya syrup juu.

Agiza Negroni. Vitu tatu, kipimo moja: gin, Campari, vermouth nyekundu. Juisi hakuna. Story yenye hupigwanga ni ati 1919, pale Florence, Italia, sonko mmoja anaitwa Count Camillo Negroni aliingia base yake akachoka na Americano, ile ya Campari, vermouth na soda. Akashow barman: toa soda, weka gin. Bas. Msee hakuitisha ushauri, hakuandika status. Alitoa soda.

Barman mwenye anajua kazi haitikisi hii kitu. Anakoroga pole pole, kijiko ikizunguka ukingo wa glasi, barafu hata haipigi kelele. Kisha anachuna ganda la chungwa, analibinya juu ya glasi, na ukikaa karibu unaona mafuta ikiruka. Sip ya kwanza uso unakunjika. Ya pili ulimi unaanza kukubali. Ya tatu jina ya dame imepotea, umebaki tu na number plate ya Subaru.

Noma ni bei. Karibu thao glasi moja, na nusu yake ni barafu! Hiyo ni fare ya Rongai karibu wiki mzima. Na ukiona imekuja imefukiziwa moshi na kijiti ya rosemary juu, jua unalipia kuni.

Kama machungu yako ni ya mboka, bosi amekulipa na "exposure" tena, hapo ni Old Fashioned. Whisky, sukari kidogo sana, matone ya Angostura. Hiyo bitters ilipikwa Venezuela 1824 na daktari Mjerumani, Johann Siegert, ikiwa dawa ya tumbo. Inanyweka slow, so msee wa mshahara delayed anaweza kaa na glasi moja hadi DJ afunge, na akae mtu wa maana.

Mabuda watakushow hizo ni maji za watoto wa Lavi, ati kinywaji ni Tusker moto. Moto! Msee ananunua bia yenye haijawahi onana na fridge, halafu anataka kukufunza taste. Mathe naye, dawa ya moyo ni maombi na strungi. Na ni yeye alikuwa anatushikilia mapua atukunywishe muarobaini tukishikwa na homa, uchungu hadi kwa masikio. Campari kwetu ni revision tu.

Na dawa je, ile Carnivore iliuzia maturisti hadi ikavuma? Vodka, ndimu, asali, sukari, barafu. Binamu ya caipirinha ya Brazil. Iko fiti, sina ubaya nayo, lakini hiyo ni ya siku doh imeingia. Siku umetemwa inakuteleza kooni kama soda, na ukishtuka umemtumia ex voice note ya dakika nne. Toa soda, nimesema.

Umesota kabisa? Gin na tonic. Uchungu wa tonic ni kwinini, ile ile ya malaria, so uko na machungu ya bei nafuu.

Ama fanyeni ya keja. Chupa ya Campari changeni watu watatu, ju hakuna mtu huimaliza haraka. Vermouth ni wine, ikifunguliwa iende fridge, si kukaa kwa dirisha ikipigwa jua na sufuria. Kila kitu mililita 30, usipime na macho ju macho yako ndiyo ilichagua huyo ex. Mwenye keja atoe barafu. Na msee akikuja na Delmonte ya kuchanganya, aachwe kwa gate na Delmonte yake.