Fundi na mwanafunzi ni wa mzizi mmoja, mbona tumewatenganisha?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Katika miaka yangu arobaini na ushei, mingi kati ya hiyo nikiwa nimeitumia kuchunguza maneno ya watu, sikuwahi kudhani kwamba siku moja ningesimama katika karakana ya seremala pale Gikomba, jijini Nairobi, nimekumbatia mfuko wa mahindi, nikingoja kupimiwa ukubwa wa kasha la spika.

Kisa chenyewe ni hiki, mpenzi msomaji. Mwanangu wa kiume, ambaye amemaliza kidato cha nne juzi tu, alikusanya vijisenti vya vibarua akanunua spika ya besi ya inchi kumi, ile ambayo vijana wetu huiita wufa na ambayo wenzetu wa Dar es Salaam huiita sabufa. Aliinunua pamoja na kikuza sauti chake na kasha lililokwisha tengenezwa. Kasha hilo lilikuwa kubwa ajabu. Lilijaza buti lote la kigari changu, lakini nami nilinyamaza kwa kuwa niliwahi kuwa kijana.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku ya kumpeleka mama yangu kliniki. Mama alipooza upande mmoja wa mwili miaka miwili iliyopita, na hatembei ila kwa kiti cha magurudumu. Tulipofungua buti ndipo tulipotanabahi kwamba kiti hakina pa kuingia. Muda ulikuwa umeyoyoma, basi tukakiacha tukitumaini kupata kingine huko huko. Hatukukipata. Vyote vilikuwa na watu. Mwanangu alimbeba nyanya yake mgongoni, tangu langoni hadi chumba cha mazoezi ya viungo, huku umati ukitutazama.

"Mjukuu wangu," mama alimwambia walipofika, "ngoma yako naipenda. Lakini siku nyingine usiniachie miguu yangu nyumbani."

Jioni ile kijana alilitoa kasha garini, asiseme neno, akasema kesho yake ataenda kuiuza spika. Nilimzuia. Nilijiuliza: je, ni lazima mmoja akose ili mwingine apate? Ndipo tulipoelekea Gikomba.

Fundi tuliyeelekezwa kwake ni kijana wa miaka thelathini hivi, ambaye masomo yake yaliishia shule ya msingi. La kwanza alilofanya ni kuingiza mkono ndani ya buti, nyuma ya tao la gurudumu la kushoto, akapapasa kama daktari apapasavyo tumbo la mgonjwa.

"Pembe hii inalala bure, mwalimu," akasema. "Tutaiamsha."

Nikampa karatasi iliyokuja na spika. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, imejaa herufi na tarakimu. Mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, niliweza kuyasoma maneno yake yote, na sikufahamu hata sentensi moja. Fundi naye hakuweza kuisoma vyema, ila alijua pa kutazama. Aliweka kidole juu ya tarakimu moja: lita 18. Kisha akaibonyeza koni ya spika polepole kwa vidole gumba viwili, akaiachilia, akasikiliza.

Nilimwomba anifafanulie. Spika, alisema, ina nyuso mbili. Inaposukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Ukiiacha wazi, hewa ya mbele na ya nyuma zinakutana na kuuana, na besi inapotea. Kasha ni ukuta wa kuzitenganisha. Pili, hewa iliyofungiwa ndani ya kasha ni springi. Koni ikienda ndani, hewa inairudisha. Kasha likiwa dogo mno, springi inakuwa ngumu na besi inakataa kushuka.

"Kwa hivyo kasha dogo haliwezekani?" nikauliza.

"Linawezekana, mwalimu. Lakini ukitaka kasha dogo na besi ya chini kabisa, utalipa kwa betri."

Nilirudi nyumbani nikaingia vitabuni, kama ilivyo ada ya watu wa kabila langu la wasomi. Nikagundua kwamba mnamo 1954 Mmarekani Edgar Villchur alianza kuuza spika ya kasha dogo lililozibwa kabisa, ambamo hewa yenyewe ndiyo iliyokuwa springi. Wakati ule watu waliamini kwamba besi nzito haipatikani bila ya kasha la ukubwa wa kabati. Aidha, Mmarekani mwingine, J. Anton Hofmann, aliweka kanuni ambayo wahandisi wa sauti huiita sheria ya chuma. Kanuni hiyo husema kwamba kasha dogo, besi ya chini na matumizi madogo ya umeme ni wageni watatu wasioweza kuketi pamoja kwenye benchi la watu wawili. Chagua wawili, wa tatu atasimama.

Msomaji, itazame tena kauli ya fundi: utalipa kwa betri. Hiyo ndiyo sheria ya Hofmann, imetamkwa Gikomba kwa maneno matatu ya Kiswahili na mtu ambaye hajapata kulisikia jina la Hofmann.

Kazi yenyewe ilichukua siku tatu. Fundi alikata vipande vya MDF vya unene wa milimita 18, akavipanga kufuata mkingamo wa tao la gurudumu, hivyo kwamba kasha halikuwa na umbo ambalo hesabu yangu ya shuleni ingeliweza. Nilimuuliza atajuaje kama limefika lita 18. Alicheka, akamwendea mama muuza nafaka wa jirani, akaazima mahindi makavu. Alitandika karatasi ya nailoni ndani ya kasha, akaanza kumimina kwa mtungi wa lita tano. Mitungi mitatu ikaingia mizima, na wa nne ukabakisha lita moja. Jumla ni lita 19. "Lita moja ni ya mgongo wa spika yenyewe," akasema, "kwa kuwa nayo inakaa ndani." Tarakimu ikatimia pasipo kalamu wala karatasi.

Viungo vilitiwa gundi na skrubu, kisha vikazibwa kwa silikoni kila ufa. Tuliagizwa tungoje hadi silikoni ikauke kabisa, kwani mvuke wake ukifungiwa ndani huweza kudhuru gundi na mpira wa spika. Ndani yake ilitiwa pamba ya nailoni ya mto mkuukuu. Hewa ikibanwa hupata joto, na nyuzi hizo hulinyonya, hata kasha likajifanya kubwa kidogo kuliko lilivyo. Waya wa umeme uliwekewa fyuzi karibu kabisa na betri, na palipotoboka bati pakatiwa mpira ili waya usichubuke. Hapo fundi hakuwa na mzaha, maana waya uliochubuka bila fyuzi ni moto.

Kuna jambo jingine linalosaidia kasha dogo garini. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Besi ya mitetemo 40 kwa sekunde basi ina wimbi la mita nane na nusu hivi, refu kuliko gari zima. Wimbi lisilopata nafasi ya kujinyoosha huongeza kani ya hewa ndani ya gari, na besi ya chini kabisa hupata nguvu ya bure. Fundi alilieleza hivi: "Gari lenyewe ni kasha la pili, na nyinyi mmeketi ndani yake."

Ama kwa hakika, hapa ndipo nilipoona haya. Kwa miaka mingi nimeandika makala na kuhudhuria makongamano juu ya istilahi za sayansi kwa Kiswahili. Rafuni mwangu imo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mnamo 1990, kazi ya kuheshimika. Lakini katika miaka yote hiyo sikuwahi hata siku moja kuingia katika karakana na daftari mkononi. Nilikuwa nikibuni maneno ya kazi bila ya kuisikiliza kazi ikisema.

Nilipomweleza kisa hiki mwenzangu mhandisi, alivutiwa sana, akanichorea milinganyo ubaoni. Nilipomwomba aniambie yale yale kwa Kiswahili, alikwama katika sentensi ya pili. Basi tuna mtu mwenye hesabu asiyekuwa na lugha ya kumfikia fundi, na fundi mwenye maarifa asiyekuwa na njia ya kuifikia hesabu. Kila mmoja anamfaa mwenzake, na kati yao pana shimo ambalo sisi watu wa lugha tulipaswa kulijaza.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakitoshi. Neno kipaza sauti, watasema, humaanisha kile unachosemea na kile kinachotoa sauti, na mwanafunzi atachanganyikiwa. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake i karakanani. Fundi wangu hachanganyikiwi: kile cha kusemea ni maiki, kile cha kutoa sauti ni spika, na lile boma lake ni kasha. Hata kasha lenyewe tulilipata kwa Wareno, na leo nani atadai kwamba si letu? Lugha hukua kwa kuazima, kutumia na kuzoea.

Tulizingatie neno lenyewe, fundi. Mzizi wake ndio huo huo wa fundisha, funza, funzo na mwanafunzi. Waliotuachia lugha hii hawakumtenga anayejua kwa mikono na anayejua kwa kitabu. Sisi ndio tuliojenga ukuta, huyu tukampeleka juani na yule darasani, kisha tukamfanyia mtihani wa ufundi kwa lugha asiyoitumia kazini. Katiba yetu ya 2010 inasema katika kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Vyuo vya ufundi na viandike basi vitabu vya kiada vya useremala, umeme na sauti kwa lugha hiyo, na mtahiniwa aruhusiwe kujieleza kwayo. Idara zetu za Kiswahili nazo ziwatume wanafunzi Gikomba na Kamukunji, wakakusanye maneno kabla hayajapotea na wenyewe.

Alhamisi iliyopita tulifungua buti. Kasha limejibanza kwenye pembe yake, na kiti cha magurudumu kikaingia hata tukabakiwa na nafasi ya kikapu. Njiani mama aliomba nyimbo za marehemu Fundi Konde, alizozisikia redioni tangu usichana wake. Mwanangu aliziweka kwa sauti ya chini, ya watu wanaotaka pia kuzungumza.

Mama alisikiliza kitambo, kisha akainua mkono wake mzima.

"Kumbe kulikuwa na mtu mwingine anayepiga huko nyuma," akasema. "Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia."