Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe

Mama mmoja alifika hospitalini usiku akiwa amembeba mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa amekunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya maji, chini ya meza. Majirani walimshauri ampe maziwa, kisha amtie kidole kooni atapike. Tulipompokea alikuwa anapumua harakaharaka, mbavu zikibonyea.

Mzazi mwenzangu, simlaumu mama huyu. Wengi tumekua tukiambiwa maziwa huua sumu. Lakini hatari kubwa ya mafuta ya taa haiko tumboni, iko kwenye mapafu. Sababu ni jinsi mafuta hayo yalivyoundwa.

Molekuli zake ni minyororo mifupi ya kaboni na haidrojeni, mingi ikiwa na atomi za kaboni 10 hadi 16. Molekuli ya mafuta ya alizeti ina zaidi ya 50. Minyororo mifupi hushikana kwa nguvu ndogo, ndiyo maana mafuta ya taa ni mepesi na husambaa upesi. Mtoto akipaliwa kidogo tu, huingia kwenye njia ya hewa na kuenea hadi ndani kabisa.

Pia hayachanganyiki na maji, bali huyeyusha vitu vya mafutamafuta. Fundi hunawia grisi kwa sababu hiyo. Vifuko vya hewa kwenye mapafu navyo vina utando wenye mafuta unaovizuia visisinyae. Mafuta ya taa huuharibu. Vifuko husinyaa, mapafu huvimba, na oksijeni hushindwa kuingia kwenye damu.

Ukimtapisha, unayapitisha kooni mara ya pili, na anaweza kupaliwa tena. Maziwa hayabadilishi mafuta hayo. Hujaza tumbo na kumfanya atapike zaidi.

Fanya hivi:

• Usimtapishe, wala usimpe maziwa au mafuta ya kula.

• Mvue nguo zilizolowa, umwoshe ngozi kwa maji na sabuni.

• Akitapika mwenyewe, mlaze ubavu.

• Mpeleke hospitali mara moja, hata kama anacheza. Beba chupa aliyonywea.

• Usimpe antibayotiki za nyumbani. Mafuta si vijidudu.

Kikohozi, homa, kupumua kwa shida au kusinzia vinaweza kuchelewa kujitokeza. Ndiyo maana tunamwangalia mtoto kwa saa 6 au zaidi, hata asipokuwa na dalili.

Mtoto yule alihitaji oksijeni kwa siku kadhaa, kisha akarudi nyumbani akitembea.

Leo, kabla hujalala, angalia mafuta ya taa yako wapi. Yaweke juu, kwenye galoni yenye kifuniko kinachobana, kamwe si kwenye chupa ya maji au soda. Mtoto hajui kusoma. Akiona chupa ya maji, anajua ni ya kunywa.